Jinsi ya kupima nguvu ya antioksidanti ya majani ya mlonge, kuanzia mtini hadi kwenye IC50

Kila mwaka msimu wa projekti ukifika kuna wanafunzi wanakuja maabara na mfuko wa unga wa mlonge walionunua sokoni, wanauweka mezani alafu wanasema naomba nipimiwe antioksidanti. Swali langu la kwanza huwa ni moja tu, haya majani yalikaushwaje? Hajui. Yalichumwa lini? Hajui. Mti ulikuwa wapi, pembeni ya barabara au shambani? Hapo pia kimya. Sasa unga kama huo mashine itakupa namba, mashine haikatai kutoa namba, ila namba hiyo haisemi kitu kuhusu mlonge, inasema kitu kuhusu ule mfuko. Ndo maana naandika hii kwa kirefu, maana miongozo mingi inaanza kwenye hatua ya kemikali wakati kazi nusu nzima imeshaamuliwa kabla hujafungua chupa yoyote.

Nimechagua mlonge (wengine wanauita mzunze) kwa sababu unapatikana kirahisi, asili yake ni kule chini ya milima ya Himalaya kaskazini mwa India ila saivi pwani yetu yote umejaa, watu wanaupanda kama uzio, majani wanapika mboga ya nazi, na kwenye tiba asili unatumika kwa mambo mengi sana. Mbinu ni zile zile hata ukitaka kupima mwarobaini, mpera au mchaichai, utabadilisha vitu vidogo tu.

Kwanza tuelewane tunapima nini

Radikali huru ni molekuli yenye elektroni iliyobaki bila mwenzake, na kwa kuwa iko peke yake inatafuta kupora elektroni kwa jirani yoyote, iwe ni mafuta ya kwenye utando wa seli, protini au DNA. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa elektroni yake (au haidrojeni) na chenyewe kikabaki kimetulia, hakianzi kupora na chenyewe. Kwenye majani ya mlonge wanaofanya kazi hiyo ni flavonoidi kama kwasetini na kempferoli, asidi klorojeniki, vitamini C na beta-karotini. Ukiona mmea una fenoli nyingi (kundi kubwa la kemikali za mimea, flavonoidi zikiwemo) tegemea utakuwa na nguvu hii, lakini tegemea tu, usiandike kabla hujapima.

Kipimo tutakachokaa nacho sana kinaitwa DPPH. Hii ni radikali ya ajabu kidogo maana imetulia, unaweza kuinunua kama unga kwenye chupa, ukiiyeyusha kwenye methanoli inatoa rangi ya zambarau iliyokolea na ikipewa elektroni inafifia mpaka njano. Kwa hiyo tunachofanya ni kupima zambarau imepungua kiasi gani, na ile IC50 ya kwenye kichwa ni kiwango cha dondoo kinachoipunguza kwa nusu. Alieonyesha kwamba inaweza kutumika hivi ni Blois mwaka 1958, na mpaka leo vyuo vingi vya huku kwetu vinaitumia kwa sababu haihitaji mashine ya gharama, spektrofotometa (mashine inayopima mwanga kiasi gani umefyonzwa na rangi) ya kawaida ya mwanga unaoonekana inatosha.

Hatua ya 1: Kuchuma

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Chukua majani yaliyokomaa yenye afya, sio yale machanga sana ya nchani wala yale yaliyoanza kuwa njano, na usichanganye umri maana kiasi cha fenoli kinabadilika jani linavyokua. Epuka miti ya kando ya barabara, vumbi na moshi wa magari unakaa kwenye jani. Usichume mti mmoja tu, zungukia miti mitano hivi ya eneo moja alafu changanya, la sivyo utakuwa umepima tabia ya mti mmoja ukaandika kana kwamba umepima mlonge wote.

Andika tarehe, mahali, udongo ulivyo, na msimu (masika au kiangazi). Alafu kata tawi moja lenye majani na kama unapata maua na maganda ni bora zaidi, libane kwenye magazeti likauke bapa, ulipeleke kwa mtaalamu wa mimea akuthibitishie jina la kisayansi na akupe namba ya sampo. Tanzania unaweza kwenda idara ya botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, Kenya ipo hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya makumbusho ya taifa Nairobi. Usiruke hii, hasa kwa Kenya ambako kuna mlonge mwingine ndugu yake, Moringa stenopetala, ambao kwa mtu asiyezoea anaweza kudhani ni ule ule.

Na kama matumizi ya mmea umeelezwa na mganga au bibi wa kijijini, muombe ruhusa na mwandike kwenye ripoti kwa namna anayotaka yeye. Maarifa ni yake.

Hatua ya 2: Kuosha na kukausha (hapa ndo watu wanaharibu)

Osha haraka kwa maji safi kisha suuza na maji yaliyochujwa vizuri, usiloweke, maana vitamini C na baadhi ya fenoli zinayeyuka kwenye maji na utazimwaga na maji ya kuoshea. Kung'uta, pukusua vijani vidogo kutoka kwenye vikonyo, vikonyo tupa.

Kausha KIVULINI. Narudia, kivulini. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilianika majani juu ya bati kwa sababu nilikuwa na haraka, siku moja tu yalikuwa makavu kabisa nikafurahi, ila yalikuwa yamepauka yakawa kama nyasi za kiangazi, na nilipoyapima sambamba na mengine ya mti ule ule yaliyokaushwa ndani, yale ya juani yalihitaji kiasi kikubwa zaidi kufifisha DPPH ile ile. Jua linavunja beta-karotini na vitamini C, na joto linaendelea na zilizobaki. Tandaza kwenye wavu au kitambaa safi cheupe, tabaka moja jembamba, chumba chenye hewa inayopita, geuza mara mbili kwa siku. Majani ya mlonge ni madogo kwa hiyo siku 4 mpaka 7 zinatosha. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari unyevu ni tatizo, ukiona majani yamelegea siku ya tatu na yanatoa harufu ya uvundo hayo tupa, ukungu umeshaingia. Ukiwa na oveni ya maabara weka nyuzi 40, usipandishe.

Utajuaje yamekauka? Jani ukilifikicha linavunjika kwa mlio, halikunjiki. Majani mabichi yana maji kama robo tatu na zaidi, hivyo kilo moja mbichi tegemea gramu 200 mpaka 250 za majani makavu. Ukipata 400 bado yana maji.

Kusaga: blenda inafaa ila washa sekunde kumi zima, washa tena, maana ukiiacha iungurume dakika tano unga unapata moto. Kinu na mchi pia sawa kabisa. Chekecha, weka kwenye chupa nyeusi au uliyofunga foili, kifuniko kikaze, tia kwenye friji. Andika lebo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kutoa dondoo

Hapa una uamuzi wa kufanya. Maji yanatoa kile ambacho mama nyumbani angekipata akichemsha majani. Ethanoli ya asilimia 70 au methanoli ya asilimia 80 inatoa fenoli nyingi zaidi kwa sababu flavonoidi nyingi zinapenda mchanganyiko wa pombe na maji kuliko maji peke yake au pombe peke yake. Mimi nashauri ufanye zote mbili, ya maji na ya ethanoli, maana ukifanya ya methanoli tu alafu ukahitimisha kwamba "chai ya mlonge ina nguvu" umesema kitu ambacho hukukipima.

Ya ethanoli: pima gramu 50 za unga, weka kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina ml 500 za ethanoli ya 70. Kama dukani umepata ya asilimia 96 basi chukua ml 365 jazia maji yaliyochujwa mpaka ifike ml 500. Funga, kaa nayo saa 48 gizani, kila ukipita itikise. Chuja kwanza kwa kitambaa cha pamba, kisha karatasi ya chujio Whatman namba 1. Mabaki yarudishie ml 250 nyingine kwa saa 24, chuja, changanya na ya kwanza. Kisha ondoa pombe kwenye mashine ya kuvukiza inayozungusha chupa huku ikinyonya hewa (rotary evaporator), nyuzi 40. Kama chuo chenu hakina mashine hiyo weka dondoo kwenye trei pana juu ya wotabathi ya umeme (beseni la maji ya moto) ndani ya kabati la kunyonya hewa, itachukua siku nzima, ila USITUMIE jiko la mkaa wala gesi karibu na pombe, mvuke wake unashika moto ukiwa mbali na wewe hata hujauona.

Ya maji: gramu 5 kwenye ml 100 za maji ya nyuzi 80, dakika 15 umefunika, poza, chuja. Hii inaoza haraka kwa hiyo pima siku hiyo hiyo au igandishe. Nguvu yake utaijua ukikausha ml 10 kwenye chombo ulichokipima uzito, kinachobaki ndo kiasi cha dondoo kwenye ml 10.

Neno kuhusu methanoli. Inanusa kama pombe lakini ni sumu, kiasi kidogo kinapofua macho na kikizidi kinaua, na sisi wote tumeshasikia habari za watu waliokufa kwa pombe iliyochanganywa nayo. Dondoo iliyotolewa kwa methanoli hailambwi, haionjwi, haipewi mtu hata kama umeshaivukiza. Vaa glovu na fanya kazi kwenye hewa.

Pima uzito wa dondoo kavu. Tuseme umepata gramu 8 kutoka gramu 50, hiyo ni asilimia 16. Hifadhi namba hii, utaihitaji mwishoni kabisa na wengi wanaisahau.

Hatua ya 4: DPPH yenyewe

Kwanza washa spektrofotometa, iache ipate moto dakika 20 hivi kabla ya kusoma chochote, weka nanomita 517. Kuveti (vichupa vya kuwekea sampo ndani ya mashine) za kioo au plastiki zote zinafaa kwa urefu huu wa wimbi, usidanganywe kwamba lazima kwazi. Ila plastiki usiitie asetoni, itageuka ukungu.

Kutengeneza DPPH: pima miligramu 19.7 kwenye mizani ya desimali nne, yeyusha kwa methanoli ifike ml 50, hiyo ni milimola 1 kwa lita. Chukua ml 15 za hiyo jazia methanoli mpaka ml 150, umepata milimola 0.1. Kwa nini 150 na sio 100? Kwa sababu hesabu ya tyubu kwa dondoo moja inafika 36 na kila moja inakula ml 3, jumla 108, na hakuna kitu kinachochosha kama kuishiwa katikati ukalazimika kutengeneza nyingine ambayo rangi yake sio sawa na ya kwanza. Funga chupa na foili, tumia siku hiyo hiyo.

Kutengeneza sampo: miligramu 10 za dondoo kwenye ml 10 za methanoli, hiyo ni mikrogramu 1000 kwa ml. Kisha punguza nusu kwa nusu: 500, 250, 125, 62.5, 31.25. Jumla una viwango sita. Ikigoma kuyeyuka anza na tone chache za maji, tikisa, alafu malizia na methanoli. Ya maji unaipunguza vivyo hivyo kutoka kwenye ule uzito ulioupata.

Stendadi (kitu cha kulinganishia) ni vitamini C safi ya maabara (vidonge vya kutafuna vya dukani vina sukari na rangi, achana navyo). Tengeneza 40, 20, 10, 5 na 2.5 mikrogramu kwa ml. Mpya, siku hiyo, maana vitamini C ikikaa kwenye maji inaharibika yenyewe.

Sasa kuchanganya. Kila tyubu ml 1 ya sampo na ml 3 za DPPH. Kila kiwango tyubu tatu. Alafu kuna tyubu ambazo watu wanazisahau na bila hizo kazi haifai:

Kontroli ni ml 1 ya methanoli tupu na ml 3 za DPPH, tyubu tatu. Hii ndo zambarau kamili isiyoguswa, isome mwanzo, katikati na mwisho uone kama inashuka yenyewe.

Blanki ya rangi ni ml 1 ya sampo na ml 3 za methanoli bila DPPH, moja kwa kila kiwango. Dondoo ya mlonge ni kijani, ile kijani na yenyewe inafyonza mwanga kidogo, na usipoiondoa itaonekana kama zambarau iliyobaki, yaani unajipunja.

Tikisa, weka gizani dakika 30 joto la chumba, soma. Weka muda kati ya tyubu na tyubu, kwa mfano kila sekunde 30 unaongeza DPPH kwenye tyubu inayofuata, na wakati wa kusoma unafuata mpangilio ule ule, ili zote ziwe zimekaa dakika 30 kweli na sio ya kwanza 30 ya mwisho 12.

Hatua ya 5: Hesabu

Asilimia ya kufifisha = kontroli toa (sampo toa blanki ya rangi), gawanya kwa kontroli, zidisha 100.

Mfano wa namba nilizojitungia tu: kontroli 0.84, sampo 0.39, blanki ya rangi 0.03. Sampo halisi ni 0.36. 0.84 toa 0.36 ni 0.48, gawa 0.84, ni asilimia 57.1. Ungesahau blanki ungepata 53.6. Ndo hivo tofauti inavyoingia kimya kimya.

Sasa mtego mkubwa. Sampo yako ya mikrogramu 250 ulipoichanganya ml 1 na ml 3 haikubaki 250, imekuwa 62.5, kwa sababu imeingia kwenye jumla ya ml 4. Kwa hiyo viwango vyako halisi ni 250, 125, 62.5, 31.25, 15.6 na 7.8. Nimeona ripoti nzuri kabisa zenye IC50 iliyozidi mara nne kwa sababu hii tu. Amua utaandika kiwango cha mwisho (cha kwenye tyubu) na useme wazi hivyo.

IC50 ni kiwango kinachofifisha nusu ya DPPH. Chora grafu, kiwango chini asilimia pembeni. Tuseme kwenye 62.5 umepata asilimia 41 na kwenye 125 ukapata 63, basi 50 iko katikati yao. Ukiunganisha kwa mstari mnyoofu inaangukia 88 hivi, ukitumia logi ya viwango inakuja 83. Njia zote mbili zinakubalika ila sema umetumia ipi na uitumie kwa sampo zote. Usipitishe mstari mnyoofu kwenye nukta zote sita kama za juu zimeshalala kwenye asilimia 90, mstari utadanganya. Na kumbuka IC50 NDOGO ndo nguvu KUBWA, kila mwaka kuna mtu anaandika kinyume mpaka kwenye hitimisho.

Jinsi ya kujua kama kipimo chako kinafanya kazi: angalia vitamini C. Molekuli moja ya vitamini C inatuliza molekuli mbili za DPPH. Kwenye tyubu yetu DPPH imekuwa mikromola 75, nusu yake ni 37.5, inahitaji vitamini C mikromola 18.75, ambayo kwa uzito ni mikrogramu 3.3 kwa ml. Kwa hiyo IC50 ya vitamini C yako inatakiwa ikae karibu na hapo, 3 au 4 hivi. Ukipata 15, usilaumu mlonge, vitamini C imeharibika au DPPH umeipima vibaya, rudia kabla ya kusonga mbele. Mimi naona hesabu hii ingetakiwa kufundishwa siku ya kwanza maana inakuokoa wiki nzima.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha kitu kingine. Ukibadilisha kiwango cha DPPH, IC50 nayo inabadilika, hata dondoo ikiwa ile ile. Kwa hiyo kuchukua IC50 yako ya 88 na kuilinganisha na ya mtu wa nchi nyingine aliyetumia DPPH ya nusu yako, alafu ukasema mlonge wa kwetu ni dhaifu, hiyo sio haki. Linganisha kwa kupitia stendadi: gawanya IC50 ya dondoo kwa IC50 ya vitamini C yako mwenyewe, hapo mnaweza kuongea.

Hatua ya 6: Jumla ya fenoli

DPPH inakwambia nguvu, haikwambii nani anaitoa. Kwa hiyo fanya na Folin-Ciocalteu, njia waliyoiboresha Singleton na Rossi mwaka 1965. Kitendanishi kipunguze mara kumi kwa maji. Kiangalie kabla, kinatakiwa kiwe njano, kikiwa kimeanza kuwa kijani kimeshaharibika. ml 0.5 ya sampo, ml 2.5 za Folin iliyopunguzwa, subiri dakika 5, ongeza ml 2 za sodiamu kaboneti ya asilimia 7.5, gizani dakika 30, soma nanomita 765. Rangi ni bluu. Stendadi ni asidi galiki 20, 40, 60, 80 na 100 mikrogramu kwa ml, na hapa mstari mnyoofu unatakiwa utoke mzuri kweli.

Sampo ya miligramu 1 kwa ml ikikupa sawa na mikrogramu 62 za asidi galiki, maana yake ni miligramu 62 za asidi galiki kwa kila gramu ya dondoo. Ukitaka kwa gramu ya majani makavu zidisha na ile asilimia 16 tuliyohifadhi, inakuwa 9.9. Namba zote mbili ziandike, maana mtu anakula majani, sio dondoo.

Folin haichagui, vitamini C nayo inaitia bluu na protini pia, na mlonge una vyote viwili kwa hiyo usiseme "fenoli ni 62 kamili", sema "sawa na".

Ukiwa na muda ongeza kipimo kimoja kingine. ABTS (nayo ni radikali yenye rangi inayofifia, kama DPPH) ni kizuri kwa dondoo za kijani kwa sababu inasomwa kwenye 734 ambako klorofili haikusumbui: changanya ABTS ya milimola 7 na potasiamu pasulfeti ya milimola 2.45, iache gizani saa 12 mpaka 16, kesho yake ipunguze na ethanoli mpaka isome karibu 0.70 ndo uanze. FRAP ya Benzie na Strain (1996) inasomwa 593 na yenyewe inapima uwezo wa kugeuza chuma kutoka hali moja kwenda nyingine. Dondoo inaweza kuwa kali kwenye kimoja na ya wastani kwenye kingine, hiyo sio makosa, ni kwamba vinapima tabia tofauti.

Shule isiyo na spektrofotometa

Njia ya kwanza ni karatasi ya silika. Dondosha matone madogo ya dondoo za viwango tofauti, yakauke, kisha nyunyizia DPPH. Sehemu yenye antioksidanti inabaki njano kwenye uwanja wa zambarau, unaona kwa macho ni tone la kiwango gani cha mwisho linaloonekana.

Ya pili hata jikoni inawezekana. Uji mwepesi sana wa wanga uliopoa, tone mbili za ayodini ya vidonda ya duka la dawa, inakuwa bluu nyeusi. Sasa dondosha chai ya mlonge tone kwa tone ukihesabu mpaka bluu ipotee. Fanya vivyo hivyo kwa chai ya rangi na kwa maji ya ndimu. Sio IC50 ila mwanafunzi wa sekondari anaona kwa macho yake elektroni zikihama, na anaweza kulinganisha majani ya kivulini na ya juani akapata jibu lake mwenyewe.

Kuandika matokeo bila kuumiza watu

Hapa nawaomba sana. Majani ya mlonge ni chakula kizuri na wazee wetu hawakukosea kuyathamini, lakini kufifisha zambarau kwenye tyubu ya methanoli sio kutibu mtu. DPPH haimo mwilini. Kwasetini ukiila utumbo na ini vinaibadilisha kabla haijafika popote, na kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo sana kuliko tulichotia kwenye tyubu. Finland walifanya utafiti kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini wakitegemea vitazuia saratani ya mapafu, matokeo yalipotoka mwaka 1994 waliopewa beta-karotini walikuwa wameugua ZAIDI kwa asilimia 18. Beta-karotini hiyo hiyo tunayoisifia. Na wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya nguvu za antioksidanti za vyakula kwenye tovuti yake, mwaka 2012 wakaiondoa kwa sababu wauzaji walikuwa wanaitumia kutangazia bidhaa.

Kwa hiyo sentensi ya matokeo iwe hivi: "Dondoo ya ethanoli 70 ya majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini, yaliyochumwa (mahali, mwezi), ilififisha DPPH kwa IC50 ya (namba) mikrogramu kwa ml kiwango cha mwisho, wakati vitamini C ilikuwa (namba)." Basi. Usiongeze "hivyo inatibu kansa na kisukari". Nimeshaona sentensi moja ya namna hiyo ikitoka kwenye projekti ya mwanafunzi ikaishia kwenye lebo ya kopo la unga linalouzwa stendi, na aliyenunua alikuwa mama anayetumia dawa za sukari. Mlonge unaweza kushusha sukari, ukiuchanganya na dawa za hospitali bila daktari kujua inaweza kushuka kupita kiasi. Mizizi na magome wajawazito wasiguse.

Dondoo zilizobaki gandisha kwenye vichupa vidogo vidogo, kila kimoja cha kutumia mara moja, maana kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunazidhoofisha. Mabaki ya methanoli na DPPH yaweke kwenye chupa ya taka yenye lebo, sio kwenye sinki. Na lile tawi kavu lenye namba ya mtaalamu wa mimea liache chuoni, siku mtu akirudia kazi yako akapata namba tofauti ataanzia hapo.